Jumba la Chini ya Ngong na Watu Wasiokuwamo Kwenye Hati

Mwaka 1931 shamba moja la kahawa chini ya vilima vya Ngong, kama kilomita 20 kutoka Nairobi ya wakati ule, liliuzwa pamoja na kila kitu kilichosimama juu yake. Lilikuwa na nyumba kubwa ya mawe ya kijivu yenye paa la vigae vyekundu, na jiko lake la nje. Lilikuwa na kiwanda cha kahawa na mashine zake, maghala, banda la farasi, zizi la maksai, karakana ya mhunzi na shule ya watoto wa wafanyakazi. Ardhi yenyewe ilikuwa ekari 6,000 hivi. Mibuni ilichukua ekari 600, msitu wa asili na malisho vikachukua sehemu kubwa zaidi, na kama ekari 1,000 zilikuwa mashamba na nyumba za Wakikuyu. Muuzaji alikuwa kampuni ya Karen Coffee Company, mali ya familia moja ya Denmark na jamaa zake. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa viwanja wa Nairobi, na hakuwa na haja na kahawa hata punje moja. Alitaka kulikata shamba vipande vya ekari 20 awauzie watu wa mjini.

Msomaji wa Mbinga, huku kwetu mkoani Ruvuma, ana haki ya kuuliza habari hiyo inamhusu nini. Inamhusu kwa ajili ya kahawa, kwa ajili ya mto Ruvuma, na zaidi ya yote kwa ajili ya zile ekari 1,000. Nyumba hiyo ndiyo yenye sifa kuliko nyumba zote za mashambani walizojenga walowezi Afrika Mashariki. Imeandikiwa vitabu, imechezewa sinema, na watalii hulipa kiingilio kuiona. Habari za mwanamke aliyeishi humo zimesimuliwa mpaka zimezoeleka. Habari za mauzo yenyewe, nani aliuza nini na nani hakuulizwa, hazisimuliwi sana, nami naona hizo ndizo za kutufaa sisi tunaoishi kwa jembe na mbuni.

Nchi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wakikuyu wa upande wa Dagoretti na Kiambu walikuwa wameilima hadi kwenye ukingo wa msitu, na upande wa pili walikuwa Wamaasai na mifugo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1890 yakaja mapigo kwa kufuatana: sotoka ikamaliza ng'ombe, ukame ukaleta njaa, na ndui ikapita nyumba kwa nyumba. Watu walikufa kwa wingi, na waliosalia wengi wakarudi kwa ndugu zao kaskazini kungoja nchi ipone. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ikafika Nairobi. Mwaka 1902 ikatoka sheria iliyoipa serikali ya Kiingereza mamlaka ya kuwagawia walowezi ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mtu, na sheria ya 1915 ikaongeza muda wa kukodisha hadi miaka 999. Mpimaji alipopita na mnyororo wake aliona vichaka vimeota juu ya matuta ya zamani, akaandika kuwa pale pako wazi. Wenye matuta walipoanza kurejea walikuta mipaka imeshachorwa, wakaruhusiwa kukaa kama vibarua.

Jumba lenyewe lilijengwa mwaka 1912 na Msweden aitwaye Åke Sjögren. Msweden mwingine, Bror Blixen, alinunua shamba katika eneo hilo mwaka 1913, na Januari 14, 1914 akafunga ndoa mjini Mombasa na Karen Dinesen, binti wa Kidenmark ambaye familia yake ndiyo iliyotoa mtaji. Miaka ya kwanza walikaa katika nyumba ndogo jirani. Vita Kuu ilipopandisha matumaini ya bei, familia ikaunda kampuni mwaka 1916, ikanunua eneo kubwa lenye jumba la Sjögren, na mwaka 1917 wakahamia humo.

Hapa Ruvuma inaingia. Katika meli iliyomleta Karen kutoka Ulaya alisafiri pia afisa wa Kijerumani aliyekuwa akienda kushika uongozi wa jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Wakawa marafiki. Miezi michache baadaye vita vikaanza, na katika ziwa letu, Nyasa, ndiko bunduki zililia mapema. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza Guendolen ilifika Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ikaikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaiharibu. Von Lettow alipigana kwa kurudi nyuma mpaka Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Septemba 1918 akavuka tena kurudi upande wetu, akapita jirani ya Songea kuelekea Njombe. Kila alipopita yeye na kila walipopita waliomfukuza, chakula kiliondoka ghalani na wanaume waliondoka na mizigo vichwani. Wapagazi waliochukuliwa Kenya na Tanganyika walikufa makumi kwa maelfu, wengi wao kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Urafiki ule wa melini ulimletea Karen masengenyo ya majirani zake Waingereza, waliomdhania yuko upande wa Wajerumani. Kwa vijana wa Kikuyu na wa Kimatengo vita havikuishia kwenye masengenyo.

Sasa tuiangalie nyumba. Ni ya ghorofa moja, imejengwa kwa mawe, ina veranda pana inayotazama vilima. Kuta za ndani zimepigwa mbao, na vyumba vina meko ya kuotea moto, maana Ngong hupata baridi. Jiko liko nyuma, mbali na nyumba, kama yalivyokuwa majiko ya nyumba zote za namna hiyo, ili moshi na hatari ya moto vikae mbali na wenye nyumba. Humo ndimo alimofanya kazi Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyeletwa akiwa mtoto mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa hospitali ya misheni ya Waskoti, kisha akawa mpishi ambaye wageni kutoka Ulaya walimsifu. Nyuma ya nyumba liliwekwa jiwe la kusagia kuwa meza. Bibi mwenye nyumba alikaa hapo kusikiliza mashauri ya watu wa shamba: nani kamdai nani mbuzi, nani kamjeruhi nani, nani anataka ruhusa ya kwenda kwao.

Kwangu mimi moyo wa shamba ulikuwa kiwandani. Wanawake na watoto walichuma kahawa mbivu, ikapelekwa kwa magari ya maksai hadi kiwandani, ikamenywa, ikaoshwa, ikakaushwa ndani ya pipa kubwa la chuma lililozunguka usiku kucha. Ilikuwa lazima kahawa itolewe saa ileile ilipokauka, hata iwe usiku wa manane, na watu waliamshwa kwa ajili hiyo, taa za chemli zikiwa zimening'inia kila pembe. Kisha ikakobolewa, ikachambuliwa kwa madaraja, ikatiwa kwenye magunia na midomo ikashonwa kwa sindano nene ya mshona matandiko. Alfajiri magari yaliondoka kwenda stesheni ya Nairobi, kila gari na maksai 16, magunia 12 kwa tani. Mhunzi aliyeziweka mashine hizo hai ni Kalasinga aitwaye Pooran Singh, aliyefua kila kipuri kilichokatika, kwa sababu kuagiza kipuri Ulaya kulichukua miezi. Mapema mwaka 1923 kiwanda hicho kiliungua. Kikajengwa kingine, kwa mkopo juu ya mkopo.

Anayeifahamu kazi ya kahawa ya Mbinga ataitambua kila hatua. Kwetu mashine ya kumenya inazungushwa kwa mkono nyuma ya nyumba, au mavuno yanapelekwa kwenye mtambo wa kikundi. Kahawa inalowekwa, inaoshwa mpaka ute uishe, inaanikwa kwenye vichanja, na ikinyesha ghafla nyumba nzima hukimbilia turubai. Ile kazi ya kuamka usiku tunaijua. Tofauti ni kwamba mtu wa Mbinga akiamka usiku, anaamkia mali yake.

Watu wa zile ekari 1,000 waliitwa maskwota. Kwa sheria ya koloni, mwanamume alipewa ekari chache za kulima na kulisha mbuzi wake, na kwa ajili hiyo akawajibika kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, kwa ujira wa shilingi 12 kwa kila siku 30. Tangu 1920 alitakiwa kuvaa kipande shingoni ndani ya kopo la chuma, kimeandikwa alikofanya kazi na alivyoachana na bwana wake wa mwisho. Kahawa aliyoipalilia hakuruhusiwa kuipanda kwake. Serikali ya Kenya iliwazuia Waafrika kulima kahawa mpaka katikati ya miaka ya 1930, na hata hapo ilifungua kwa majaribio tu, Meru, Embu na Kisii. Walowezi walisema mibuni ya Waafrika ingeeneza magonjwa. Ukweli ni kwamba mtu mwenye mbuni wake asingekubali kwenda kufanya siku 180 kwa mwingine.

Karen Blixen mwenyewe aliliona jambo hili kuliko majirani zake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 alikiri kwamba wengi wa maskwota wake walizaliwa pale, na baba zao kabla yao, na kwamba huenda wao walimwona yeye kuwa ndiye skwota, wa daraja la juu kidogo. Alifungua shule, alitibu wagonjwa, aliamua kesi kwa haki kadiri alivyoweza. Namheshimu kwa hayo. Lakini kuona ni jambo moja na hati ni jambo jingine, na hati haikubadilika kwa sababu ya wema wake.

Kuna kisa kimoja kinachonisumbua kila ninapokikumbuka. Chifu wa Wakikuyu wa upande ule, Kinyanjui wa Gathirimu, alikuwa mtu mzito, amewekwa na Waingereza na amezeeka pamoja nao. Mwaka 1929 alikuwa akifa kwa ugonjwa wa mguu. Watu wa misheni walitaka kumpeleka hospitali, yeye hakutaka. Aliomba achukuliwe hadi lile jumba la mawe afie humo. Bibi mwenye nyumba akafikiri: shamba linaelekea kufilisika, na mzee akifia kwake serikali na misheni watasema maneno. Akamkatalia. Kinyanjui akapelekwa hospitali, na hakuishi sana baada ya hapo. Bibi huyo aliandika kisa hicho bila kujitetea, na ni vema alikiandika. Mzee aliyekuwa chifu wa nchi ile kabla jiwe la kwanza la jumba halijachongwa alikosa chumba cha kufia ndani yake.

Kwa nini shamba lilianguka? Sababu inayotajwa kwanza ni urefu wa mahali. Ngong pale ni juu ya futi 6,000, yaani zaidi ya mita 1,800, na baridi ya usiku na upepo mkavu viliunguza maua ya mibuni. Mimi ninayetoka Namswea siwezi kuikubali sababu hiyo peke yake. Miinuko ya Umatengo, nchi yetu ya Mbinga, nayo inapanda karibu kiasi hicho, na kahawa imeshika. Kinachotutofautisha ni mvua. Kwetu masika yanaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, mvua inazidi milimita 1,000 kwa mwaka. Ngong mvua hugawanyika misimu miwili, na msimu mmoja ukikosekana maua hudondoka. Udongo wao ulikuwa na tindikali nyingi. Tena kuanzia 1928 nzige waliivamia Kenya miaka kadhaa mfululizo, na mwaka 1929 bei ya kahawa duniani ikaporomoka.

Hayo yote mkulima mdogo huyapata pia. Akipata mwaka mbaya hula mahindi na maharage yake, akasubiri. Jumba halisubiri. Jumba lina riba ya benki, mshahara wa meneja, mashine za kiwanda, wanahisa Copenhagen wanaotaka hesabu. Kahawa ya Ngong ilikuwa inabeba paa la vigae mgongoni mwake, na mgongo ukavunjika.

Mbegu yenyewe ina safari inayotuunganisha sote. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na kahawa waliyoipanda ilikuwa ya kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, kisiwa chini ya Ufaransa. Kutoka misheni zao za Tanganyika mbegu ikapelekwa Bura, Taita, mwaka 1893, kisha St. Austin's karibu na Nairobi mwaka 1899. Walowezi wa mwanzo walipata miche yao huko, na Karen Blixen alipanda farasi Jumapili kwenda kuzungumza na mapadri hao, majirani zake. Ukoo huohuo wa Bourbon uko mashambani kwetu. Aina ya N39, iliyochaguliwa kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungu, Kilimanjaro, inatokana nao, na pamoja na KP423 ndizo zilizojaza milima ya Mbinga kabla ya miche mipya ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kutoka kituo cha Ugano.

Mbegu ni moja, lakini huku ilipandwa na mwenye ardhi. Kahawa iliingia Umatengo miaka ya 1920, chini ya Chifu Chrisostomus Makita, wakati Tanganyika iko chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa na gavana Donald Cameron akiona afadhali Mwafrika alime zao lake mwenyewe. Wachaga walikuwa wameshaanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925. Mmatengo aliipanda mibuni karibu na nyumba, na mteremko akauacha kwa ngolo, yale mashimo ya mraba yanayofunika milima yetu. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza katika mistari inayokatana, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, na tuta linalopatikana hushika maji na kuzuia udongo usiporomoke. Mlima wenyewe uligawanywa kwa ntambo, kila ukoo na mgongo wake wa mlima kutoka juu hadi mtoni. Mipaka ya ntambo haikuandikwa popote, ila kila mtoto aliijua.

Walowezi wachache walifika Ruvuma, na Umatengo haukupata jumba la mawe lenye ekari 6,000. Majengo makubwa ya zamani tuliyo nayo ni ya misheni: Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, na Liuli ya Waanglikana, alikozikwa William Percival Johnson mwaka 1928. Kwa hiyo vita vya uchumi vilipigwa kwa njia nyingine. NGOMAT, chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, na baadaye Mbinga ikawa na chama chake, MBICU, kwa ajili ya kahawa. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, MBICU kilielemewa na madeni kikaanguka, na wakulima wengi walikaa na kahawa isiyolipwa. Nayakumbuka maumivu ya miaka hiyo: mibuni mingine iling'olewa, watoto wengine waliacha shule. Lakini ushirika ulipoanguka ardhi haikwenda nao. Mkulima aliamka kesho yake akiwa bado juu ya ntambo wake, na bei ilipopanda alipogoa mibuni ileile akaanza tena.

Watu wa Ngong hawakuamka hivyo. Mauzo yalipokamilika maskwota walipewa muda wa miezi michache kuhama. Walipoambiwa, walikuja kukaa mbele ya jumba na kuuliza waende wapi. Karen hakuwa na jibu. Walichokiomba ni kuhamishwa wote pamoja, wasitawanywe, maana waliojua majina ya mababa zao na mipaka ya zamani walikuwa ni wao kwa wao. Mwanamke huyo aliyekuwa amepoteza kila kitu alitumia miezi yake ya mwisho akizunguka ofisi za Nairobi kwa ajili yao. Mwezi Mei 1931 rafiki yake Denys Finch Hatton alikufa kwa ajali ya ndege Voi, akamzika vilimani Ngong, akarudi ofisini kuomba. Mwishoni serikali ikakubali kuwapa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya Afrika, na nashangaa kwamba wanaolitembelea jumba lake wengi hulijua jina la Finch Hatton na hawalijui tendo hili.

Wazee wa Kikuyu waliamua kumuaga Karen kwa ngoma, ngoma ya wazee ambayo haikuchezwa kwa miaka mingi. Walifika uwanjani wamejipaka chokaa miilini, vichwa vya mvi, wengine wakitembea kwa shida. Kabla ngoma haijaanza akaja askari kutoka Nairobi na barua: ngoma hiyo imepigwa marufuku. Wazee waliisikiliza barua, wakasimama kimya, wakaondoka mmoja mmoja. Kufikia wakati huo jumba lilikuwa karibu tupu, samani zimeuzwa, nyingi zikinunuliwa na Lady McMillan wa Nairobi. Karen akapanda treni kwenda Mombasa, na hakurudi Afrika tena mpaka alipofariki mwaka 1962. Yeye na Bror walikuwa wametengana zamani. Bror alikwisha kuhamia Tanganyika, akasimamia shamba upande wa Babati na kuongoza wawindaji matajiri.

Mashamba yalikatwa kama ilivyopangwa. Mtaa uliozaliwa ukaitwa Karen, na leo ni miongoni mwa sehemu za Nairobi zenye ardhi ya bei ya juu kabisa. Jumba lenyewe lilinunuliwa mwaka 1935 na afisa wa jeshi la Uingereza, likapita mikono mingine baada ya kifo chake mwaka 1954. Kenya ilipopata uhuru serikali ya Denmark ililinunua pamoja na ardhi iliyolizunguka na kulitoa zawadi kwa taifa jipya, na chuo kikajengwa pale. Mwaka 1985 ikatoka sinema iliyolifanya jina la Ngong lijulikane dunia nzima, na mwaka 1986 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakalifungua jumba kwa umma. Mashine za kahawa zilizopata kutu bado zinaonyeshwa kati ya miti. Kuhusu ardhi iliyochukuliwa, Waingereza waliunda tume iliyotoa ripoti mwaka 1934 na kuwaambia Wakikuyu kwamba madai yao yamekwisha. Mwaka 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na vita vya Mau Mau vilipiganwa kwa kiasi kikubwa na watoto wa maskwota.

Naandika haya kwa sababu Ruvuma sasa ina wanunuzi. Lipokela, Songea, lilianzishwa shamba kubwa la kahawa la kampuni katika miaka ya 2010. Mwambao wa ziwa, kutoka Mbamba Bay hadi Liuli, unatazamwa na wenye fedha wanaotaka viwanja vya hoteli na nyumba za mapumziko. Si kila mnunuzi ni mwovu, na barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imeleta mengi mema. Lakini mipaka ya ntambo bado imo vichwani mwa wazee, na wazee wanakwenda.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya kimila kuwa ni haki kamili, na inaruhusu kila kaya, na hata ukoo, kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ardhi ya kijiji haiwezi kuhamishwa kwenda mikononi mwa mwekezaji kabla mkutano mkuu wa kijiji haujalisikia jambo hilo. Basi enyi watu wa Namswea, Litembo, Kigonsera na mwambao wote: pimeni mashamba yenu wakati wazee wenye kuijua mipaka wangali hai. Waume, andikisheni na majina ya wake zenu, kwa maana wao ndio wanaoyachimba mashimo ya ngolo. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhusu ardhi, nendeni wote, ulizeni ekari ngapi na kwa miaka mingapi, na hakikisheni majibu yameandikwa kwenye muhtasari kabla mtu yeyote hajaweka dole gumba.